Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa aliyeona viumbe wa tumboni

Katika jumuiya zetu za Butembo, Beni, Oicha na Lubero, neno amiba halihitaji mfasiri. Mtoto akiumwa tumbo, tunasema ni amiba. Mzee akiharisha baada ya karamu ya arusi, tunasema ni amiba. Lakini vifaranga wakifa kumi katika juma moja, kinyesi chao kikiwa na damu, au sungura akikonda hadi kufa ilhali majani anakula, hatuna jina. Tunasema tu kwamba mwaka huu mifugo haina bahati.

Mambo hayo mara nyingi yana chanzo cha namna moja: viumbe wa seli moja tu, wadogo kupita macho yetu, wanaoishi ndani ya matumbo ya watu na ya wanyama. Wataalamu huwaita protozoa. Mtu wa kwanza kuwaona hakuwa muganga, wala mchungaji, wala profesa. Alikuwa muuza vitambaa sokoni, na maisha yake yana jambo la kutufundisha sisi tuliopita katika siku za Ebola.

Mtoto wa msuka vikapu

Antoni van Leeuwenhoek alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1632 huko Delft, mji mdogo wa Uholanzi unaopitiwa na mifereji ya maji. Baba yake, Philips, alisuka vikapu. Alikufa Antoni akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Mama yake, Margaretha, alitoka katika ukoo wa watengeneza bia. Akaolewa tena, na kijana akalelewa sehemu kwa sehemu, nyumbani na kwa ndugu.

Alipofika miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa. Wauza vitambaa wa wakati ule walitumia kioo cha kukuza ili kuhesabu nyuzi na kujua kama kitambaa ni imara au ni cha kudanganya wateja. Huenda hapo ndipo jicho lake lilipozoea kutazama vitu vidogo kwa uvumilivu.

Mwaka 1654 alirudi Delft, akamwoa Barbara de Mey, akafungua duka lake. Walipata watoto watano. Wanne walikufa wakiwa wachanga. Binti mmoja tu, Maria, ndiye aliyekua. Barbara naye akafariki mwaka 1666. Miaka mitano baadaye Antoni alimwoa Cornelia Swalmius, binti wa mchungaji wa Kanisa la Matengenezo. Cornelia pia alitangulia kuondoka, mwaka 1694, na tangu hapo Maria ndiye aliyemtunza baba yake hadi mwisho.

Mwaka 1660 baraza la mji lilimpa kazi ya kutunza chumba cha mashauri: kufungua na kufunga milango, kuwasha moto wakati wa baridi, kuhakikisha usafi. Baadaye akawa mpima mashamba, kisha mpima mapipa ya divai. Mshahara huo ulimpa nafasi ya kufanya kile alichokipenda usiku na mchana, yaani kutengeneza lenzi.

Kioo kidogo, dunia kubwa

Hadubini, ambayo maabara zetu huiita mikroskopi, ilikuwapo tayari. Mwingereza Robert Hooke alikuwa amechapisha mwaka 1665 kitabu kikubwa chenye picha za kiroboto na chawa. Ila chombo cha Leeuwenhoek kilikuwa cha namna yake. Kilikuwa bamba dogo la shaba linaloenea katika kiganja, na katikati yake lenzi moja ndogo kama punje ya mtama. Kitu cha kutazamwa alikichoma kwenye ncha ya sindano mbele ya lenzi, kisha akaleta bamba karibu kabisa na jicho, akielekea mwanga. Kati ya vyombo vyake vilivyobaki, kilicho bora kinakuza kitu karibu mara 270. Alitengeneza mamia ya vyombo vya aina hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa siku zile. Alijua Kiholanzi cha nyumbani tu. Hata hivyo mwaka 1673 muganga wa Delft, Reinier de Graaf, alimtambulisha kwa Chama cha Kifalme cha London, kilichokusanya watafiti wa Uingereza. Tangu hapo aliandika barua moja baada ya nyingine kwa muda wa miaka 50: kuhusu chembe nyekundu za damu, manii, mabua ya miti, macho ya wadudu, fukusi wa ngano. Watu wengi wakati ule waliamini kwamba fukusi huzaliwa na nafaka yenyewe ikioza. Yeye alionyesha kwamba fukusi hutoka katika yai la fukusi, na hakukubali kwamba uhai huchipuka tu kutoka katika uchafu. Kwake yeye utaratibu huo ulikuwa alama ya hekima ya Muumba, hata katika mdudu mdogo kabisa.

Sungura, tumbo lake mwenyewe, na chura

Mwaka 1674 alichukua nyongo ya sungura na kuitazama. Ndani yake aliona vitu vingi vyenye umbo la yai. Hakuvijua ni nini, akaviandika kama alivyoviona. Wataalamu waliosoma barua hiyo baadaye wanasema yaelekea sana kwamba yalikuwa mayai ya kimelea tunachokiita leo eimeria, kinachokaa katika ini la sungura. Ukimpasua sungura aliyekufa kwa ugonjwa huo, unakuta madoa meupe kwenye ini. Wafugaji wengi wa kwetu wameyaona madoa hayo pasipo kujua kwamba yana historia ya miaka 350.

Mwaka 1681 alipatwa na kuharisha. Mtu mwingine angenyamaza kwa aibu. Yeye alichukua kidogo cha kinyesi chake na kukiweka mbele ya lenzi. Akaona viumbe wanaotembea, wengine wakubwa kidogo kuliko chembe ya damu, wengine wadogo kidogo, wenye tumbo bapa na kitu kama vijiguu vingi. Aliandika pia kwamba aliwaona wakati kinyesi kilipokuwa chepesi, si wakati kilipokuwa kigumu kama kawaida. Hakudai kwamba wao ndio walioleta ugonjwa. Alitoa habari ya alichokiona, akaishia hapo. Kwa maelezo yake, wataalamu wa leo wanamtambua kiumbe yule: ni giadia, kimelea kinachoendelea kusumbua watoto wa Butembo na Beni hata sasa.

Mwaka 1683 aliandika kuhusu viumbe aliowakuta katika utumbo wa chura, na mwaka huohuo akaeleza bakteria wa utando wa meno. Hivyo mtu mmoja, katika chumba chake cha Delft, alikuwa amefungua mlango wa matumbo ya wanyama na ya watu.

Waliokataa kuamini

Usidhani kwamba walimpokea kwa shangwe. Mwaka 1676 alipoandika kwamba tone moja la maji lina maelfu ya viumbe hai, wengi wa London walitia shaka. Mtu asiye na shule kubwa, anayeficha chombo chake, anasema ameona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona: kwa nini wamwamini?

Leeuwenhoek hakukasirika, wala hakuwaita wajinga. Aliwaita mashahidi. Watu wanane wa heshima, wakiwamo wachungaji na mwandishi wa mambo ya sheria, walikuja kutazama kwa macho yao wenyewe, wakaweka sahihi kwenye barua za ushuhuda. Huko London, Hooke alijaribu kurudia kazi ile. Ilishindikana mwanzoni, ila mnamo Novemba 1677 wanachama wa Chama wakaona viumbe wale wakiogelea. Mwaka 1680 muuza vitambaa alichaguliwa kuwa mwanachama kamili. Baadaye hata Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, alipopita Delft mwaka 1698, alitaka kuonyeshwa.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini twaijua vizuri habari ya kutoamini kisichoonekana. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, na haikutangazwa kuisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wengi walisema ni uongo, ni biashara, ni siasa. Mnamo Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, na vita vya miaka mingi vilikuwa vimeshaua imani ya watu kabla ya virusi kufika. Lakini jambo moja ni wazi: watu waliamriwa kuamini, na wachache sana walionyeshwa. Kule Delft mashahidi waliitwa kwanza, ndipo wakatia sahihi.

Makundi manne, na kwa nini tuyatenganishe

Baada ya Leeuwenhoek wengine waliendeleza kazi, lakini polepole sana. Giadia haikuelezwa vizuri hadi mwaka 1859, na Vilém Lambl huko Prague, miaka 178 baada ya barua ya Delft. Amiba ya kuhara damu ilielezwa mwaka 1875 na Fedor Lösch huko St Petersburg. Mwaka 1900 Mjerumani Fritz Schaudinn alifuata mzunguko mzima wa maisha ya koksidia, akiichunguza ndani ya tandu. Na Mmarekani Ernest Tyzzer alieleza kriptosporidia mwaka 1907 katika panya, kisha mwaka 1929 akaeleza kwa undani koksidia za kuku.

Kutokana na kazi zao, protozoa wa matumbo kwa kawaida hugawanywa makundi manne, kufuatana na jinsi wanavyotembea na jinsi wanavyozaa.

Kundi la kwanza ni wenye mijeledi, yaani nyuzi ndefu za kuogelea nazo. Giadia ni mmoja wao. Ndani ya utumbo hujishikiza ukutani na kujigawa mara mbili mbili. Akitaka kutoka, hujifunga ndani ya kifuko kigumu, hutoka na kinyesi, na hungoja katika maji ya baridi hata kwa majuma mengi mpaka mtu au mnyama anywe.

Kundi la pili ni amiba, wanaotambaa kwa kunyoosha mwili wao. Nao husafiri ndani ya kifuko. Amiba wengine hukaa tumboni bila kudhuru, na mmoja huchimba utumbo na kuleta kuhara damu. Ndiyo maana si kila maumivu ya tumbo ni amiba, na si kila amiba anayeonekana maabara ndiye adui.

Kundi la tatu ni wenye vinyweleo mwili mzima. Anayejulikana zaidi ni balantidia wa nguruwe. Nguruwe mara nyingi hubaki mzima kabisa, lakini mtu anayekunywa maji yaliyochafuliwa na kinyesi chake aweza kuugua.

Kundi la nne ni koksidia, ambao hawana mjeledi wala kinyweleo cha kutembelea. Hawa huingia ndani ya seli za utumbo wenyewe. Kuku akidonoa yai la eimeria, yai hupasuka tumboni na kuachilia vijidudu vinane. Kila kimoja huingia katika seli, huzaana humo, huipasua, na wazao wake huingia seli nyingine, kizazi baada ya kizazi. Hapo ndipo damu huonekana. Mwishowe hutokea wa kiume na wa kike, huungana, na mayai mapya hutoka na kinyesi kwa maelfu mengi.

Mfugaji akumbuke hili: yai la eimeria linapotoka halijaweza bado kuambukiza. Linahitaji unyevu, hewa na joto kwa muda wa siku moja hadi tatu ili likomae. Basi anayefagia kibanda kila siku na kubadilisha matandiko yaliyolowa amekata njia kabla adui hajawa tayari. Anayefagia mara moja kwa juma amempa nafasi. Tena, eimeria ya kuku haimwambukizi mbuzi, wala ya mbuzi haimwambukizi sungura. Kila mnyama ana yake. Kriptosporidia hana mpaka kama huo: mayai yake hutoka yakiwa tayari kuambukiza, na aina mojawapo hupita kutoka kwa ndama mwenye kuhara hadi kwa mtoto anayemlisha.

Kutenganisha makundi haya kunaokoa fedha na maisha. Metronidazoli ambayo watu wengi hununua kwa amiba husaidia pia kwa giadia, lakini haiponyi koksidia za vifaranga. Mama anayeponda vidonge vya binadamu na kuvitia katika maji ya kuku wenye kuhara damu amepoteza vidonge, na kuku watakufa vilevile. Amwone muganga wa mifugo, ambaye ana dawa zinazohusu koksidia.

Ndoo za klorini na sufuria ya maji

Wakati wa Ebola tulinawa mikono kwa maji ya klorini kwenye mlango wa kila kanisa na kila soko. Lilikuwa jambo jema, maana klorini huua virusi vile. Lakini wengi wetu tulijifunza kwamba klorini inatosha kwa kila kitu, na hapo tumekosea njia. Kriptosporidia haogopi klorini ya kiasi cha kunywa. Mayai ya eimeria hayafi kwa klorini tunayomwagia kibanda. Kifuko cha giadia huvumilia muda mrefu kuliko bakteria wengi. Kinachowashinda wote ni joto: maji yaliyochemka kweli, mpaka yanatoa mapovu makubwa, kisha yakahifadhiwa katika bidoni safi yenye kifuniko.

Najua gharama ya makala sokoni Butembo, na najua jinsi familia za Beni na Oicha zinavyowapokea wakimbizi hadi nyumba ya watu sita inakuwa ya watu kumi na wanane, na choo ni kimoja. Kuchemsha maji yote haiwezekani kwa kila nyumba. Basi tuanze na maji ya watoto wadogo na ya wagonjwa. Tuzuie mbuzi na nguruwe wasifike penye chemchemi. Sungura tuwajengee sakafu ya fito au waya, ili kinyesi kianguke chini wasilale juu yake. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli waliamriwa kuwa na mahali nje ya kambi, na chombo cha kuchimbia, ili kila mtu afukie kinyesi chake. Hawakuwa na hadubini, lakini walipewa desturi iliyokata njia ya vifuko na mayai haya yote.

Siri iliyozikwa naye

Leeuwenhoek alifariki tarehe 26 Agosti 1723, akiwa na miaka 90, na hata katika siku zake za mwisho alikuwa bado anatuma barua London. Alizikwa katika Kanisa la Kale la Delft, na Maria akamjengea ukumbusho humo. Vyombo 26 vya fedha alivirithisha Chama cha Kifalme. Baadaye vyote vilipotea. Vingine viliuzwa mnadani, na leo ni vichache tu vinavyojulikana duniani kote.

Tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa na kosa moja kubwa: hakumfundisha mtu. Njia yake ya kutengeneza lenzi bora aliificha hata kwa marafiki, na alipokufa hakuacha mwanafunzi wa kuiendeleza. Mwaka 2021 watafiti walipitisha mionzi ya nyutroni katika moja ya vyombo vyake bila kukivunja, wakakuta kwamba lenzi yake ilitengenezwa kwa njia inayofanana sana na ile Hooke alikuwa ameieleza kitabuni. Siri aliyoilinda maisha yake yote haikuwa mbali na jambo ambalo wengine walikwisha kulichapisha. Watoto wangapi waliharisha katika miaka ile 178 kabla giadia haijatazamwa upya, hakuna ajuaye.

Vituo vingi vya afya vya makanisa yetu vina mikroskopi. Kila siku mtu wa maabara huona giadia na amiba wakitembea, kisha huandika neno moja kwenye karatasi na kumpa mama ambaye haelewi. Kwa nini asimwite atazame? Kwa nini vijana wa kanisa wasipelekwe maabara Jumamosi moja, waone tone la maji ya chemchemi yao, na kinyesi cha kuku wao? Gharama yake ni ndogo sana. Na siku ugonjwa mwingine usioonekana utakapofika kwetu, tutakuwa na watu katika kila jumuiya wanaoweza kusema kwamba waliwahi kuona.